Chungu cha Ambilikile

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Mtumbwi ulitoka Ikombe ukifuata mguu wa milima, karibu kabisa na mawe, maana mzee Yusto hakupenda kwenda kilindini akiwa amebeba wanawake. Alisema wanawake wakiogopa husimama, na mtumbwi haupendi mtu aliyesimama.

Yusto alikaa nyuma na kafi lake. Tusekile alikaa katikati, kikapu mapajani. Mbele kabisa alikaa mkamwana wake, Winnie, amewapa mgongo, khanga imemfunika kichwa na mabega kama mtu aliye kwenye mvua.

Winnie hakuwa amenuna. Kwao ni Ipinda, bara kwenye mpunga, na huko bibi zake walimfundisha kwamba mke wa mtu hamtazami baba mkwe, hasemi naye, na akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Baba mkwe mwenyewe alikwisha kufa. Lakini Yusto alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, kwa hiyo kwa Winnie ni yule yule. Watu wa ziwani walimcheka miaka yote kwa kukimbia kimbia kwake, naye hakuacha. Na kwa kuwa mtumbwini hakuna migomba, aligeuza mgongo.

"Shemeji," Yusto alimwambia Tusekile, "mwambie mkamwana wetu ainame kidogo. Amenizibia Malawi yote."

"Winnie, baba yako anasema unamzibia Malawi."

"Mwambie Malawi haihami, mama. Ataikuta kesho."

Yusto alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Tusekile naye alicheka kidogo, halafu akakumbuka wanakokwenda, akashika ukingo wa mtumbwi.

Walikuwa wanakwenda pangoni, mahali wanawake wa Ikombe wanapopaita Kwenye Matone. Njia ya miguu haipo. Ni pango la mawe ya chokaa, limejificha nyuma ya mwamba, na ndani yake maji hudondoka mchana na usiku, masika na kiangazi. Mwanamke ambaye mtoto wake ameondoka na habari zake zimekatika hufinyanga chungu kidogo kwa mikono yake, hukichoma peke yake, hukipeleka kule na kukiweka chini ya tone. Kuanzia siku hiyo hakuna wa kumwambia mwanao amekufa, na yeye mwenyewe hasemi kwamba yu hai. Anangoja. Mtoto akirudi, anakwenda na mama yake kukichukua chungu na kuyanywa yale maji. Asiporudi, siku mama akichoka anakwenda kukigeuza, mdomo chini, kwa mikono yake. Akifika nyumbani wenzake wanatandika mikeka, wanalia naye, na mtu anakuwa amekufa kama watu wengine wanavyokufa. Hakuna anayeruhusiwa kumharakisha mama. Na hakuna mkono wa mtu mwingine unaokigusa chungu kile.

Chungu cha Ambilikile kilikaa kule muda mrefu. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Tusekile, na ndiye aliyebaki, wengine wawili walifariki wangali wachanga. Alipita mpaka wa Kasumulu na vijana wenzake, wakisema wanashuka kusini kutafuta kazi. Alipiga simu mara moja, yuko Karonga, amekula chambo, samaki wa kule, mama asiwe na wasiwasi, amsalimie Winnie. Baada ya hapo hakuna. Mwenzake mmoja alirudi, akasema waliachana Msumbiji kwenye lori la mkaa, na alivyosema ilionekana hapendi kuulizwa tena.

Winnie alikuwa bado bibi harusi wakati ule. Akabaki. Alijifunza udongo kwa mama mkwe wake, yeye mtu wa mpunga, mpaka vyungu vyake vikawa vinauzika Matema bila mtu kuuliza vimefinyangwa na nani. Walilala nyumba moja, walikula sahani moja. Mtoto hakuwa amepatikana kabla Ambilikile hajaondoka, na sasa hakuna wa kumpa.

Kisha ikaja siku moja wako wawili wanakanda udongo, Winnie akasema bila kuinua uso, "Mama, kuna mtu."

Tusekile aliendelea kukanda. "Mtu gani?"

"Jubilate. Nilisoma naye Ipinda. Ana kokoa, ana na mpunga kidogo. Mkewe alifariki kwa uzazi. Amemtuma shangazi yake."

"Anajua kwamba una mume?"

"Ndicho anachouliza, mama. Anauliza kama ninaye."

Tusekile hakujibu siku ile. Hakujibu masika yote. Alikuwa akimtazama Winnie anavyobeba watoto wa majirani, anavyowanusa kichwani kabla ya kuwarudisha kwa mama zao. Mvua zilipokwisha alisema tu, "Mwambie baba yako Yusto atupeleke Kwenye Matone," kisha akakumbuka kwamba Winnie hawezi kumwambia Yusto, akaenda kumwambia mwenyewe.

Walishuka penye mawe. Yusto alibaki, maana wanaume hawaingii mle.

"Nitaulinda mtumbwi," alisema, "usije ukaolewa na wavuvi wa Lumbila." Hakucheka mtu. Naye akaona kwamba utani huo haukuwa na mahali, akaanza kukomba maji mtumbwini ingawa maji hayakuwemo.

Mdomo wa pango ulikuwa mwembamba, sharti uiname ndipo upite. Chumba cha kwanza kilikuwa na mwanga na harufu ya popo. Cha pili kilikuwa na giza na baridi. Winnie aliwasha tochi ya simu. Mawe yalikuwa yamening'inia juu kama chuchu za mbuzi, meupe, kila moja na tone lake nchani. Na chini palikuwa na vyungu.

Winnie hakuwa amewahi kuingia. Alisimama akashika mdomo wake.

Vilikuwa vingi. Vingine vilitazama juu na vingine vililala kifudifudi, na vile vya zamani vilikuwa vyeupe kabisa kama vimenyunyiziwa unga wa muhogo. Matone yalivigonga kila kimoja kwa sauti yake. Kilicho kitupu kililia ndani kabisa, kilichojaa kilitoa sauti ndogo tu, kama mtu anayeonja chumvi kwa ulimi.

"Hiki ni cha mama yake Angetile," Tusekile alisema, akipita polepole. "Unaona shingo yake? Hakuna aliyejua kunyoosha shingo kama yeye. Hiki sikijui. Hiki ni cha Naomi, mwanawe alirudi lakini wakakisahau, walikuwa na furaha sana. Hiki usikikanyage."

"Chetu kiko wapi, mama?"

"Kule mwisho."

Alikuwa amekiweka mwisho kabisa kwa sababu ndipo tone lilipokuwa nene. Siku ile alipokuja nacho alikaa muda mrefu akichagua tone, kama mtu anayechagua kuku wa mgeni. Wenzake waliomsindikiza, wale wenye vyungu mle, walikuwa wameviweka juu ya vijiwe vitatu, kama wanawake wote wanavyofanya. Yeye hakuviamini vijiwe. Alifikiri popo watakiangusha. Alifikiri tetemeko, maana milima hii hutikisika. Alikuwa na donge la udongo mbichi kwenye khanga yake, basi akakikalisha chungu kwenye kishimo cha mwamba, akakizungushia udongo kitakoni, akaubana kwa kidole gumba pande zote kama anavyobana mpini kwenye mtungi. Mwenzake mmoja alimwambia, "Tusekile, unamjengea nyumba?" Akajibu, "Ndiyo, namjengea."

Sasa alipiga magoti mbele yake.

"Ugonile," alikisalimia chungu, kama mtu anavyomwuliza mwenzake asubuhi kama amelala. Kisha akaona.

Udongo ule haukuwepo tena, maji yalikuwa yameumumunya zamani. Mahali pake palikuwa na jiwe. Jeupe, laini, limetiririka kama nta ya mshumaa, limepanda kutoka mwambani mpaka katikati ya tumbo la chungu. Hukuweza kuona chungu kinaishia wapi na mwamba unaanzia wapi. Kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni, na tone likidondoka, maji kidogo yalifurika na kuteremka ubavuni, yakapita juu ya lile jiwe, yakaliongeza.

Alishika shingo kwa mikono miwili akakizungusha. Hakikwenda. Akakisukuma. Akatoa kikapuni kipande cha kibuyu anachokwangulia vyungu, akakwangua pembeni, kibuyu kikakatika. Akatoa kisu. Kisu kiliteleza kikaacha mstari mwembamba kwenye jiwe, na mstari wenyewe ukawa unang'aa.

"Mama, ngoja nishike huku."

"Usiguse."

"Nishike mwamba tu, sishiki chungu."

"Winnie, usiguse nimesema!"

Sauti ilizunguka pangoni ikawarudia. Popo mmoja alitoka akapita. Tusekile aliendelea. Alikwangua mpaka vidole vikamwuma kwenye viungo, pale ambapo miaka ya udongo wa baridi ilikwisha kumharibu. Akakaa chini, miguu mbele, akipumua kama mtu aliyepanda mlima wa Ukinga na mzigo.

"Limekishika," alisema. "Tutakuja mwaka mwingine na patasi."

Winnie alikuwa ameielekeza tochi chini.

"Mwaka mwingine, mama?"

"Kukiwa na patasi nzuri."

"Mwaka mwingine jiwe litakuwa limepanda zaidi. Unaliona lenyewe. Halilali." Alichuchumaa, wakatazamana. "Mama. Mimi sikulazimishi. Nilikwambia tangu mwanzo, ukisema niende nitakwenda, ukisema nikae nitakaa. Lakini useme. Usiliachie jiwe liseme."

"Nimekuja, sijaja? Ningekuwa sitaki ningekuja?"

"Umekuja na kibuyu, mama. Umekuja kukwangua jiwe kwa kibuyu."

Tusekile alikitazama kibuyu kilichokatika. Kisu chenyewe alikuwa amekibeba cha kumenyea ndizi. Alikuwa na kile kikubwa nyumbani, nyuma ya mlango, na asubuhi alikiona, akakipita.

Alimtazama mkamwana wake kwenye ule mwanga wa simu. Alimwona mvi mbili tatu zilizoanza kwenye paji, mtoto wa watu, aliyekuja kwake na uso wa kitoto. Akainuka. Akaokota jiwe lililojaa kiganja.

"Rudi nyuma," alisema.

Aligonga kwanza pembeni, pale chokaa iliposhikana na chungu, pole pole, kama mtu anayegonga yai. Kisha kwa nguvu zaidi. Kisha akaacha kuchagua mahali pa kugonga. Chungu kililia sauti nzuri, sauti ya chungu kilichochomwa kikaiva, na hata wakati ule aliisikia sauti ile na kujua kwamba kilikuwa chungu bora kuliko vyote alivyopata kufinyanga. Akagonga tena. Kikapasuka.

Shingo na mabega vilimbaki mkononi. Maji yalimwagika miguuni kwake, baridi sana, yakapita katikati ya vidole yakaenda zake gizani. Lakini kitako hakikutoka. Kitako chote, na nusu ya tumbo, vilibaki pale ndani ya jiwe kama jino kwenye ufizi. Na tone likadondoka. Likaingia kwenye kitako. Likafuata lingine. Wakiwa bado wamesimama hapo, tayari palikuwa na maji kidogo.

"Mama," Winnie alisema taratibu, "hapo kimegeuka au hakijageuka?"

Tusekile alikigeuza kile kipande alichokuwa nacho, mdomo chini, akakiweka juu ya mwamba. Kikaanguka ubavu. Akakiweka tena. Kikaanguka tena. Akakiacha.

"Kimegeuka," alisema.

Winnie alijua kwamba hakijageuka, naye Tusekile alijua kwamba Winnie anajua. Walitoka.

Yusto alipowaona hakuuliza. Aliwasaidia kusukuma mtumbwi, akapanda. Ziwa lilikuwa limeanza kukunja uso, upepo wa mwera ukija kwa mbali na mistari myeupe. Winnie alikaa mbele pale pale, lakini safari hii alikaa akitazama nyuma, uso kwa uso nao, khanga imeshuka mabegani. Walipopita mwamba wa mwisho, wimbi la kwanza likawarushia maji, akasema:

"Baba, nipe kafi lile lingine nikusaidie. Mwera huo."

Yusto alibaki na kafi hewani. Miaka yote hiyo hakuwa amesikia sauti ya mwanamke huyu ikielekezwa kwake, maana mke wa mtu hasemi na baba mkwe. Alimtazama Tusekile, Tusekile akatazama maji. Basi mzee alilichukua kafi la pili chini ya miguu yake, akalipitisha mbele, kwa heshima, kama anavyompa mgeni kiti.

"Ndaga, baba," Winnie alishukuru.

"Ndaga, mwanangu," alijibu Yusto. Akapiga makafi akipangusa macho kwa bega, na hakutania tena mpaka Ikombe.

Wanawake walikuwa ufukoni wanapanga vyungu vya kuchoma, nyasi na matete chini, vyungu juu, nyasi tena. Walimwona Tusekile akishuka, wakaacha kazi. Angetile, aliye mkubwa kwao kwa umri na kwa maneno, alimjia akijipangusia mkono kwenye khanga.

"Umetufikia, dada. Tutandike?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Alikuwa amekwisha kuuandaa mdomo wake njia nzima. Lakini mtu aliyechoma vyungu pamoja na hawa wanawake tangu msichana, anawadanganyaje? Angewatazama vipi wakilia? Akawaeleza. Alieleza jiwe, alieleza kitako.

Moto ulikuwa umekwisha kuwashwa upande mmoja, nyasi zikaanza kulia.

"Kitako kinakinga maji?" Angetile aliuliza.

"Kinakinga."

"Basi hakijageuka."

"Angetile, kimevunjika. Nimekivunja kwa mkono wangu."

"Nimesikia. Nawe umenisikia." Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Kilichovunjika na kinakinga maji, huyo mtu tutamlilia vipi? Mama yangu aliniambia, na yeye aliambiwa. Tukimlilia mtu ambaye chungu chake kinapokea, tunamwita nani aje atulilie sisi? Na mimi mwenyewe nina changu kule, unakijua. Nikimlilia wako leo, kesho nitakitazamaje changu?"

"Nikakitoe hicho kitako?"

"Kwa kitu gani? Uchimbe mwamba? Utatikisa na chungu cha nani pembeni?"

"Nifinyange kingine basi, nikigeuze hicho."

"Kingine ni kuanza kungoja upya, dada. Unataka kuanza upya?"

Tusekile hakutaka kuanza upya. Hakuwa na miaka ya kuanzia. Alisimama pale, moto ukiunguruma, akawaona wenzake mmoja mmoja wakiinama na kurudi kwenye nyasi zao, kwa sababu moto wa vyungu hausubiri mtu. Mmoja alimbana bega alipopita. Angetile alimletea samaki jioni, usipa waliokaangwa vizuri, akakaa naye mpaka Winnie alipopika. Walizungumza habari za bei ya matete. Mikeka ilibaki imekunjwa darini.

Kisha ikawa safari ya Ipinda. Mchungaji wa kule, mtu mpya, kijana, mpole, alikuwa amemwambia Jubilate kwamba hawezi kuitangaza ndoa ya mke wa mtu. Aje mama mzazi wa huyo mume aseme kwa kinywa chake kwamba mwanawe hayupo duniani. Hapo ndipo atatangaza.

"Usiende, mama," Winnie alimwambia. "Nitamwambia Jubilate tusubiri."

"Msubiri nini?"

Winnie akaanza kukunja khanga za safari.

Walikwenda kwa mtumbwi mpaka Matema, kisha kwa gari. Tusekile alivaa gauni lake la kanisani na khanga mpya. Uani kwa kina Jubilate watu walikuwa wamejaa, shangazi, wajomba, wanawake wakipepeta mchele, sufuria kubwa kubwa za ndizi za mbalaga zikichemka, watoto wakikimbizana kati ya mbegu za kokoa zilizoanikwa kwenye turubai. Jubilate mwenyewe alikuja akainama mpaka chini kumsalimia, mtu wa umbo dogo, ana aibu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Tusekile alimtafutia kosa. Alimtafutia kosa usoni, mikononi, katika namna anavyomtazama Winnie. Hakuliona.

Mchungaji alikuwa amewekewa kiti chumba cha ndani. Aliwakaribisha, akafunga mlango, kelele za uani zikapungua.

"Pole na safari, mama. Sitakuchosha. Wewe ndiye uliyemzaa Ambilikile?"

"Ndiye mimi."

"Na Ambilikile yuko wapi, mama?"

Swali hilo aliwahi kuulizwa na watu wengi. Wauzaji sokoni, wageni kanisani, vijana waliokuwa wadogo alipoondoka. Siku zote alijibu, amesafiri. Lilikuwa jibu zuri, lilimtosha kila aliyeuliza. Lilikuwa tayari ulimini hata sasa. Alimwona Winnie pembeni, mikono mapajani.

"Amekufa," Tusekile alisema.

Hakuwa amelisema kamwe. Hata peke yake, hata akiomba. Lilitoka dogo na kavu, na chumba hakikufanya kitu.

"Pole sana, mama," alisema mchungaji kijana, na alionekana ameguswa kweli. "Pole. Alifariki lini?"

Tusekile alifikiri. Alitafuta kweli kweli, maana ameulizwa kwa heshima. Alilitazama lile lori la mkaa ambalo hakupata kuliona. Alitazama Karonga. Alitazama miaka yote, ikipangana kama vyungu sokoni, hakuna hata mmoja ambao angeweza kuunyooshea kidole na kusema ni huu.

"Leo," alisema.

Mchungaji alimwangalia Winnie. Winnie alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika bila sauti. Basi mchungaji, kwa kuwa alikuwa mpole na hakujua la kufanya, alisema, "Tuombe," akaomba, akaombea maharusi, akaombea uzao, akaombea safari ya mama iwe njema. Akafungua mlango.

Vigelegele vikapanda uani. Shangazi wa Jubilate alimkumbatia Tusekile akampokonya kikapu, akamvuta mpaka kwenye mkeka uliotandikwa kwa ajili yake, mahali pa heshima, kivulini. Kilio kilikuwa kimemfika kooni, kikubwa, cha kuanguka chini na kufunga khanga kiunoni, kilio anachokijua kila mwanamke wa nchi hii na ambacho wakikisikia majirani huacha jembe shambani na kuja. Hapa hakuna ambaye angekuja. Hapa angemvunjia mtoto wa watu siku yake. Akakirudisha. Kilirudi kikimwumiza kifua, akasubiri mpaka kikatulia.

Wakamletea wali. Mchele mpya wa huko huko kwao, unanukia tangu ukiwa mbali, na kuku, na mbalaga pembeni. Mtu aliyefiwa leo hali wali. Lakini mama mkwe akikataa chakula siku ya posa, watu wataona kwamba moyo wake hauko, na neno hilo litamfuata Winnie mpaka kwenye uzazi wake. Wanawake walimsimamia, wakimtazama, wakitabasamu.

Akanawa. Akafinyanga tonge la kwanza.

"Mchele wenu ni mzuri," alisema.

"Ongeza, mama, ongeza!" walisema.

Wakamwongezea, naye akala mpaka sahani ikaisha.